Mrefu wa Kindu, Mfupi wa Kinshasa

Amuri Kalume ana mita moja na sentimita 92. Mjini Kindu hakuna mchezaji wa mpira wa kikapu anayemzidi. Kwenye klabu za kulipwa, ni mfupi kwa nafasi pekee anayoijua.

Saa kumi na mbili asubuhi, uwanja wa saruji wa mtaa wa Alunguli bado una umande. Amuri, mwenye miaka 29, anadundisha mpira kwa mkono wa kushoto, akipita kati ya matofali aliyoyapanga mwenyewe. Kwenye tofali la nne mpira unamponyoka.

"Yaya, ile njo mpira, hapana kuku!" anamtania Bulaimu, mchezaji mwenzake, akimwita yaya, yaani kaka, huku akipita na ndoo. "Ukiacha ikimbie, haitarudia magaribi."

Amuri hacheki. Anaufuata, anaanza upya.

Kazi yake ni kupaka rangi nyumba. Bosi humpa dari, kwa sababu anazifikia kwa kiti tu. Analipwa faranga 10,000 kwa siku, siku kazi ikiwapo.

"Watu wakiniona tu, wanajua pa kuniweka," anasema. "Hakuna mwenye aliniuliza."

Bibi yake, Sharifa, anasema ni mambo ya ukoo. Miaka ya 1880, misafara ya pembe za ndovu ilipopita Maniema, pembe kubwa ilifungwa kwenye mti na kubebwa na wanaume wawili wa kimo kimoja. "Baba ya babu yangu alikosa wa kimo yake," anasema. "Basi wakamubebesha peke yake."

Amuri naye aliwekwa chini ya kikapu siku ya kwanza, akiwa na miaka 16. Hapo ndipo anaposimama pivo, mtu mrefu wa timu, kugombea mipira inayorudi na kula viwiko. Kudundisha alikatazwa. Akipata mpira, awape wafupi.

Kocha wake, Donatien, hakatai. "Nilikuwa na wafupi kumi na murefu mumoja. Weye ungemuweka wapi?"

Mwaka jana klabu moja ya kulipwa ya Kinshasa ilimwita kwa majaribio. Pivo wao walipita mita mbili. Kocha wa huko alimpima, akamwambia kimo chake ni cha wachezaji wa nje, wanaoongoza mpira. Akampa mpira auongoze. Amuri aliupoteza mara tano.

Wakamwachia nafasi moja: ndani ya miezi mitatu atume video ya mechi nzima, akicheza nje mwanzo hadi mwisho.

Mechi pekee iliyobaki msimu huo ilikuwa fainali ya jimbo, dhidi ya timu ya Kampene. Donatien alikubali. Bulaimu, anayemfikia Amuri begani, akaenda kuwa pivo. Hawa, mke wa Amuri, alishika simu na kurekodi.

Robo ya kwanza, dakika kumi, Amuri alicheza nje. Alifunga mara mbili, akapoteza mpira mara nne. Robo ya pili ilipoanza tu, Bulaimu alipigwa kiwiko, mdomo ukajaa damu. Kindu walikuwa nyuma kwa pointi 14.

Donatien hakutoa amri. "Nilimuangalia tu," anasema.

"Kochi, usiniangalie vile," Amuri alimwambia. Kisha akaenda kusimama chini ya kikapu.

"Baba Hamadi!" Hawa alimpigia kelele mumewe kutoka pembeni, kwa jina la mtoto wao. "Simu iko inaona! Toka pale!"

Hakutoka. Kindu walishinda kwa pointi mbili, na watu wakambeba Amuri mabegani. Hawa alirudi nyumbani peke yake.

Video ilitumwa hivyo hivyo. Wiki iliyopita klabu ilijibu kwamba imechukua mwingine.

"Ningemuacha Bulaimu avunjwe?" anauliza Amuri. Anakaa, anasugua goti. "Niko nachoka. Lakini mwaka kesho wataita wengine. Nitaenda nikijua kudundisha."

Hawa hataki kusikia habari ya mwaka kesho. Anahesabu majeraha ya miaka iliyopita, akimshika mumewe mahali penyewe, moja moja. Meno mawili. Kidole cha mkono wa kulia kisichokunjika. Goti moja. Miaka kumi na mitatu chini ya kikapu, na nje yake dakika kumi.