Uji wa Mtoto Aliyefunga Mdomo

Nilikuwa na kiburi cha uji mweupe. Nilipoolewa na kuhamia Makongeni, mwanzoni mwa miaka ya themanini, niliapa kwamba mtoto wangu atakunywa uji wa unga laini wa mahindi wa dukani, wenye maziwa na sukari ya kutosha, wala si ule uji wa kahawia, mchachu, nilionyweshwa kijijini Murang'a nikiwa mdogo. Kwangu mimi uji mweupe ndio ulikuwa mji wenyewe. Leo nikikumbuka najicheka, lakini wakati huo ungenitania ningekununia wiki nzima.

Mume wangu alikuwa fundi katika karakana ya reli, nasi tulipewa chumba kimoja kwenye nyumba za wafanyakazi. Bomba la maji lilikuwa la watu wote, na majiko ya makaa tuliyapanga nje ya milango, kwa hiyo kila mtu alijua mwenzake anapika nini na kimeungua mara ngapi. Chumba cha pili kutoka kwangu aliishi mama mmoja mjane kutoka Busia. Alikuwa akipika uji na kuupeleka kila asubuhi kwenye lango la kiwanda, ambako vibarua walisimama wakingoja kuchaguliwa kwa kazi ya siku. Sote tulimwita Mama Uji.

Uji wake ulikuwa wa wimbi, mtama na muhogo mkavu, uliolazwa kwenye mtungi siku mbili mpaka ukachacha, na juu ya kila kikombe alikamua ndimu. Niliwahi kupita pale langoni nikawaona wanaume wazima, waliokuja wamejikunja kwa baridi, wakimaliza kikombe na kusimama wima, wanaanza kutaniana. Nilimheshimu, lakini kwa mbali. Niliona uji ule ni wa vibarua, wala hauhusiani na nyumba yangu.

Kisha surua ikamshika binti yangu wa kwanza, akiwa na mwaka mmoja na miezi mitatu. Vipele viliisha, homa ikaisha, ila hamu ya kula haikurudi. Nikileta kijiko anafunga mdomo kabisa na kugeuza uso ukutani. Kliniki walipompima, mstari kwenye kadi yake ulikuwa unashuka. Sista aliniambia, bila ukali wowote, nirudi baada ya wiki mbili, na kama atakuwa amepungua tena, atalazwa wodini. Binamu yangu alikuwa amempoteza mtoto hivyo hivyo, baada ya surua, kwa kukosa kula. Nilirudi nyumbani na kadi ile mkononi na sikumbuki nilipita njia gani.

Nilianza kuhangaika na ladha. Niliongeza sukari, akakataa. Nilitia siagi, akatema. Nikatia maziwa matupu bila maji, pesa ya mboga ikaishia humo, naye hakuonja. Mwishowe nikawakumbuka wale wanaume wa langoni, nikasema kama ndimu inaamsha watu wazima vile, itamshindaje mtoto? Nikakamua nusu ndimu ndani ya bakuli. Tone la kwanza lilipomgusa ulimi alilia kilio ambacho sijawahi kukisahau, na siku ile alikataa hata maji mpaka jioni.

Hapo nikamwita mama yangu. Alifika na furushi lake, akamtazama mtoto, akaniambia nimemdekeza. Mama alizaa tisa, na wote aliwanywesha kwa kiganja: mtoto analazwa magotini, pua inabanwa, kiganja kinawekwa chini ya mdomo kiwe kikombe, na uji unashuka atake asitake. Sikumlaumu na simlaumu hadi leo. Ndivyo wanawake wa kwetu walivyolea, na sisi tisa tuko hai. Asubuhi iliyofuata aliketi kwenye stuli mlangoni, akakunja mikono ya sweta, nami nikaambiwa nishike miguu. Nilikuwa nalia, lakini miguu niliishika.

Mama Uji alikuwa ndio anarudi kutoka langoni na sufuria yake tupu. Alisimama. Aliiweka sufuria chini, akamwamkia mama yangu kwa adabu zote, akauliza habari za safari na za shamba, wakati huo wote mtoto analia kati yao. Ndipo akamwita bibi kwa lugha ya kwetu, akasema taratibu, "Shosho, hebu niazime mtoto kidogo. Nikishindwa, utaendelea."

Mama hakupenda, lakini ni vigumu kumnyima mtu aliyekuamkia vizuri hivyo. Mama Uji alimpakata binti yangu akimwelekeza kwenye mwanga. Hakuomba kijiko wala bakuli. Alimngoja tu, akimwimbia kitu cha kwao kwa sauti ya chini, na mtoto alipopanua mdomo kulia tena, aliinamisha kichwa akachungulia ndani.

"Umemwangalia mdomoni?" akaniuliza.

Sikuwa nimemwangalia. Nilikuwa nimeangalia bakuli, nimeangalia kadi, nimeangalia bei ya maziwa, lakini mdomo wa mwanangu sikuwa nimeuangalia hata mara moja. Aliniita nione. Ndani ya mashavu na chini ya ulimi palijaa vidonda vyeupe vya surua, na mimi juu yake nilikuwa nimemwaga ndimu. Aibu niliyoisikia siku ile naisikia hata sasa ninapoandika. Mama Uji hakunikaripia. Alisema tu kwamba mtoto huyu hajakataa uji, anakataa kuumizwa. Akanituma kliniki siku ileile, nikapewa dawa ya zambarau ya kumpaka mdomoni.

Kuanzia hapo nilisoma upya, na mwalimu wangu alikuwa mwanamke ambaye hakujua kusoma kadi ya kliniki. Siku za kwanza alipika uji wa wimbi usiochachushwa, mwepesi, akauchuja, akauacha upoe mpaka ukawa vuguvugu, akijipima kwa tone kwenye kifundo cha mkono. Sukari aliikataa. Alichukua ndizi iliyoiva mpaka ganda likawa jeusi, ile ambayo mimi ningeitupa, akaiponda na maziwa kidogo na kuikoroga ndani. Kisha akafanya jambo lililonishangaza: alianza kunywa yeye mwenyewe, polepole, akilamba midomo, mtoto akimtazama. Alimpa binti yangu kijiko chake cha kuchezea na hakumlazimisha kitu. Siku hiyo alikunywa vijiko vitatu. Nilivihesabu kwa sauti, mpaka nikaambiwa ninyamaze nisimtishe mtoto.

Vidonda vilipoanza kupona akaleta malenge ya kuchemsha, yaliyopondwa mpaka yakawa rojo, na uji ukageuka rangi ya jua la asubuhi. Baadaye karanga. Alizikaanga bila mafuta, akazipepeta maganda yakaruka mpaka mlangoni kwa jirani, akazitwanga mpaka zikatoa mafuta yake zenyewe. Aliniambia nisichoke kutwanga, chembe moja tu inaweza kumpalia mtoto. Uji ule wa karanga ulipochemka, watoto wa vyumba vyote vinane vya safu yetu walijipanga na vikombe vyao bila kuitwa, na yeye hakumfukuza yeyote. Nilimtazama nikajiuliza nilikuwa wapi mwaka mzima, naishi milango miwili kutoka kwa mtu wa namna hii, nampita na salamu ya haraka.

Siku mbili kazi ya mama yangu ilikuwa kutazama tu. Siku ya tatu alifungua furushi, akatoa parachichi la shambani kwake lililoiva vizuri, akaliponda, akalikoroga kwenye uji uliopoa. Akamsukumia Mama Uji bakuli. Mama Uji alionja, akafumba macho, akaomba tena. Kuanzia saa hiyo hao wawili wakawa marafiki, na mimi nikawa wa kutumwa maji.

Wiki mbili zilipokwisha nilimpeleka binti yangu kliniki. Walimning'iniza kwenye mzani, akarusha mateke kwa hasira, na hasira ile peke yake ilinipa moyo. Sista alisoma, akachora nukta kwenye kadi, akaiunganisha. Mstari ulikuwa umepanda. Kidogo tu, lakini umepanda. Akasema hakuna haja ya kumlaza. Nilimwomba aseme tena, naye akasema tena huku akicheka.

Ilikuwa Jumamosi. Nilifika nyumbani mbio, mtoto mgongoni, nikamkuta Mama Uji jikoni mwake pale nje, mama yangu kando yake. Kijana mkubwa wa Mama Uji, anayefanya kazi Thika, alikuwa amekuja kumtembelea, mwanamume wa mabega mapana, ameshika kikombe cha chai ya rangi. Kwa furaha niliyokuwa nayo nikamtania, mtoto wa Mama Uji mwenyewe atakunywaje chai kavu na sufuria iko hapa inatokota? Alitabasamu kwa heshima, akainuka na chai yake, akaenda kukaa kule kwenye bomba.

Mama Uji aliendelea kukoroga.

"Huyo alipata surua akiwa mdogo kama wako," akasema. "Mimi nilimbana pua. Alikunywa, akapona, akanenepa. Lakini mpaka leo akisikia harufu ya uji anatoka nje. Nanywesha watu wa mji mzima, na huyo hajawahi kuniomba hata kikombe."

Mama yangu aliangalia viganja vyake, akavifunika kwa leso. Nami nilijua miguu ya nani nilikuwa nimeishika asubuhi ile.

Mama Uji alichota uji kwenye kikombe kidogo, akaupoza, akajipima tone mkononi. Hakumpelekea binti yangu mdomoni. Alikinyoosha tu mbele yake, akangoja. Binti yangu alikipokea kwa mikono miwili, akanywa mpaka mwisho, akakirudisha na kusema neno lake jipya, "Ngeza." Mama Uji alimwongezea, kisha akamtazama kijana wake kule bombani. Alikuwa ametugeuzia mgongo, anapuliza chai yake.