Twende au Tukae

Watu wa Mtoni wakiniuliza nilikuwa nafanya nini Ugiriki, huwa nawaambia nilikuwa nimekaa. Hawaamini. Mtu akienda Ulaya hapa kwetu anatarajiwa awe ameosha vyombo hotelini au amelea wazee wa watu, kisha arudi na gari la kugombolea bandarini. Mie nilikaa kwenye boti la tanga, misimu miwili ya joto, nikarudi mweusi kuliko nilivyoondoka, na chupa ya mafuta ya zeituni iliyopasuka ndani ya begi ikaniharibia nguo zote. Wateja wa kibanda changu cha chakula hunitazama, huchovya chapati kwenye maharage. Najua wanachofikiria. Na wafikirie.

Walionichukua ni mume na mke, wageni kutoka nchi moja ya baridi, waliokaa Msasani muda mrefu nami nikiwa mpishi wao. Mume nilimwita Mzee, mke nilimwita Mama, na wao waliniita Dada ingawa wangeweza kunizaa. Kiswahili walikijua vizuri, kile cha darasani, kila neno mahali pake. Mzee alipostaafu wakahama, wakanunua boti kule Ugiriki, na Mama, ambaye vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa, akanipigia simu niende nikawapikie wakati wa joto. Dada yangu, ninayeishi naye hapa Mtoni, aliposikia akaguna. "Mtu na nyumba yake nzuri anahamia kwenye boti? Kafukuzwa na nani?"

Jibu lake nililipata kule. 

Boti lilikuwa na vyumba viwili vya kulala. Cha nyuma chao, cha mbele changu, chembamba, kimechongoka mbele kama pasi, na kidirisha juu ya kichwa ambacho nilikiacha wazi nikalala natazama mlingoti. Jiko lilikuwa limening'inizwa kwa namna ambayo boti likilala upande, lenyewe linabaki wima na sufuria ya wali haimwagiki. Mie hilo sikuliamini. Wiki ya kwanza kila upepo ukivuta nilikuwa nalikumbatia lile jiko lisianguke, na Mama akacheka mpaka akakaa chini.

Asubuhi Mzee alikuwa anakunywa kahawa yake, anatazama mbingu, kisha anatuuliza, "Twende au tukae?" Alikuwa anauliza kweli, si kwa mzaha. Mmoja wetu akisema tukae, tunakaa. Tuliwahi kukaa kwenye ghuba moja ya kisiwa cha Amorgos kwa sababu tu Mama alikuwa hajamaliza kusoma kitabu chake na hakutaka kukimalizia mahali pengine. Mie nimetoka kwenye mji ambao ukisimama kidogo Ubungo unapigwa kikumbo na kuulizwa kama umelala. Mwanzoni kukaa kule kulinitia wasiwasi, nikawa natafuta cha kusugua. Nilisugua sufuria zile hadi Mzee akaniomba niziache zipumzike.

Kisha nikazoea, jamani. Nilizoea vibaya mno. Maji ya kule huwa unaona nanga ilipolala chini, na kivuli cha boti pembeni yake. Mie nimezaliwa bahari ikiwa pale tu, lakini kwetu mwanamke alikuwa anaingia hadi magotini na kitenge chake, basi, imetosha. Kuogelea nilifundishwa kule, mtu mzima na makalio yangu, Mama, bibi wa watu mwenye mvi, akinishikilia tumboni na kuniambia nisipigane na maji. Siku nilipoelea peke yangu, masikio ndani ya maji na macho juu, nilijisikia mtoto. Nilitamani mama yangu angekuwa hai nimsimulie.

Mchana tulikula nyanya, vitunguu, jibini ya chumvi na dagaa waliokaangwa. Viazi vya kisiwa cha Naxos nilivikaanga kama vya hapa kwetu, na Mzee alivila kimyakimya, mkono unakwenda tu. Upepo wa kaskazini ukianza kuvuma, tulikuwa tunafunga boti gatini na kucheza karata hadi utulie, hata wiki nzima. Hakuna aliyelalamika. Hakuna aliyekuwa anasubiriwa popote.

Sasa nieleze tulivyolelewa, maana bila hilo hutanielewa. Kwetu ukikaribishwa kitu, unakataa kwanza. Unasema nimeshiba, asante, msijisumbue. Mwenyeji hasikii, anakwambia acha hizo, unakataa tena kidogo kwa ajili ya adabu, anakuvuta mkono, ndipo unakula. Anayekubali mara ya kwanza ataitwa mlafi hadi azeeke. Kule Msasani jambo hili halikuwahi kujitokeza, maana nilikuwa nakula jikoni kwangu na sikukaribishwa na mtu. Lakini siku ya kwanza Ugiriki walinipeleka kwenye mgahawa wa ufukweni, Mama akaniuliza kama nitakula pweza wa kuchoma. Nikasema nimeshiba. Akasema sawa. Mwenzangu, akasema sawa! Walimla yule pweza wote, mkia hadi kichwa kama angekuwa na mkia, na mie nimekaa hapo hapo natafuna mkate na tabasamu.

Kwa upande wa chakula nilijirekebisha haraka, njaa haina aibu. Nilijifunza kusema ndiyo. Lakini kumbe nilijifunza kwa tumbo tu.

Jioni moja mwishoni mwa msimu wa pili tulikuwa tumekaa nyuma ya boti, nachambua mchicha wao wa porini. Siku chache zilikuwa zimebaki nirudi nyumbani. Mama akaweka kitabu chini, akasema, "Dada, tungependa uje tena mwaka ujao. Wewe ungependa?" Nilikuwa nimeomba swali hilo tangu nilipoelea. Na mdomo wangu, mdomo uliolelewa na mama yangu, ukajibu, "Aah, Mama, msijisumbue na mie. Nimeshawachosha. Tafuteni hata binti wa huku huku."

Nikainamia mchicha, nikasubiri anivute mkono. Nilisubiri aseme toka hapa, unakuja, nani atatukaangia viazi. Nilikuwa nimeshaandaa na kicheko. Mama alimtazama Mzee, Mzee akatazama bahari, kisha Mama akasema taratibu, "Tumekuelewa. Asante kwa kutuambia ukweli." Ningeweza kusema neno. Nilifikiri watauliza tena kesho, maana mara ya pili huwa ndiyo yenyewe. Kesho hawakuuliza, wala siku ya uwanja wa ndege, ambapo Mama alinikumbatia muda mrefu na mie nikajua kabisa atasema sasa. Akanitakia safari njema.

Nikarudi Mtoni, nikafungua kibanda changu, nikasubiri simu. Dada yangu nilimsimulia nikitegemea anionee huruma. "Ungesema tu nataka," akasema, anapindua chapati. "Hao hawajui kubembeleza. Wewe ulidhani wanakuchumbia?" Nilinuna siku nzima. Msimu wa joto wa kule ulipofika, Mama akaanza kunitumia picha kwenye simu: boti kwenye ghuba, Mzee na kofia yake, meza ina sahani mbili. Hapo nikakasirika kwelikweli. Nikasema kumbe waliniuliza kwa adabu tu, hawakuwa na haja na mie, wananiringishia. Nilikuwa namjibu "hongereni" na alama ya maua, kisha naitupa simu kwenye kikapu cha vitunguu.

Lakini nilikuwa nairudia kuitazama. Ukweli ni huo. Nilikuwa nakuza picha kwa vidole nione kama nanga inaonekana. Malori ya Barabara ya Kilwa yanapita hapa mbele, vumbi linaingia kwenye unga, mtu anagonga meza ananiuliza mbona chai imechelewa, na mie nasikia "twende au tukae". Niliitamani ile bahari kama mtu anavyomtamani mtu. Nimewahi kumpenda mwanamume, naijua hali yenyewe, na hii ilikuwa hiyo hiyo. Simu ya kuwaambia sikupiga. Mtu anajiitaje kwenye nyumba ya watu?

Mwaka huu Mama amekuja Dar, kutembelea marafiki zake wa Msasani, akaniita nikamsalimie. Alikuja peke yake. Tulikaa kwenye baraza ya wale wenyeji wake, nikampa shikamoo, akaniuliza habari za dada yangu na kibanda. Nikamuuliza Mzee. Akasema Mzee magoti yamemwisha, hawezi tena kupanda na kushuka ngazi za boti, kwa hiyo wameliuza kabla ya msimu huu kuanza. Alisema hivyo akiwa anatazama mikono yake.

Nikasema pole. Kisha nikamuuliza ile mara ya mwisho, mwaka wa picha, walimpata nani wa kuwapikia.

"Hatukutafuta mtu," Mama akasema. "Mzee alisema labda utabadili mawazo, tusikushinikize. Kwenye chumba chako cha mbele hatukuweka hata sanduku. Kitanda kilikuwa kimetandikwa msimu mzima."

Nilitaka kumwambia habari za pweza, na za adabu ya kwetu, na mama yangu aliyenifundisha. Ilikuwa hadithi ndefu mno na machozi yalikuwa yameshanitangulia.

"Nilikuwa nataka, Mama," nikasema. "Nilikuwa nataka kuliko kitu chochote." Akanishika mkono akanivuta kwake, kwenye baraza ya watu, na boti lilikuwa limeshauzwa.