Baraza la Mama Luisa

Kibanzi cha mlingoti, yaani mkaratusi, kilimla mke wa Othmar kidole cha mguu. Msicheke, si utani. Restituta, au Mama Luisa kama wote wanavyomwita, ana kisukari, na nyayo zake zilishaacha kusikia maumivu. Alichomwa barazani asijue. Alipokuja kujua, kidole kimeshakuwa cheusi, kikakatwa. Tangu hapo akagoma kutoka. Mwaka mzima yuko chumbani, ziwa liko mlangoni pake, analisikia tu.

Na baraza lile la mbao, lililoinuliwa juu ya mawe pale Liuli, Othmar alilijenga mwenyewe. Ubishi ulimponza. Yeye ni mtu wa Matiri, na kwao huko juu milimani mlingoti ndio kila kitu, mpaka vichanja vya kuanikia kahawa. Alipoonywa kwamba jua la ziwani litaupasua, alijibu, "Mti ni mti." Haya sasa!

Safari hii aling'oa mbao zote za zamani, akaenda Mbinga kwa Abdulazizi, muuza mbao, akachagua mninga mkavu, mti usiopinda wala kuchanika ovyo. Akaupigilia, akaupiga randa na msasa, akaupapasa. Laini! Akamwita Stephano, fundi wa maboti, aje amsifu.

"Shikamoo, mzee. Ulaini umeupimaje?"

"Marahaba. Kwa kiganja, kwani vipi?"

Stephano akakishika kiganja chenyewe, akaangua kicheko. "Mzee wangu, miaka arobaini ya jembe! Hiki hata ukikipigilia msumari kitauliza nani anabisha hodi."

Akaleta kipande cha wavu wa dagaa. Yeye hashushi boti majini kabla ya kulipitishia wavu, maana kibanzi kimoja kinatosha kuchana nyavu za watu. Wakauburuta wavu ubao kwa ubao. Ukanasa. Wakakwangua. Hatua mbili, ukanasa tena. Mara saba! Othmar jasho lilimtoka, na si la kazi, ni la woga: mara saba angemrudisha mkewe kwenye kisu. Akapiga magoti, akasugua mpaka jioni, na kingo zote akaziviringisha. Mwishowe wavu ukapita toka mlangoni hadi ngazini bila kushika hata uzi.

Asubuhi akamwita mkewe. Restituta akasimama kizingitini.

"Baba Luisa, nikichomwa tena?"

"Hutachomwa."

"Na mwaka ule ulisema hivyo hivyo."

Othmar akamnyooshea mkono. Mama akavua kandambili, maana hajawahi kukanyaga baraza lake na viatu, hata muuguzi aseme nini, akatoka. Alikaa mpaka mchana, akimsalimia kila aliyepita njiani, na akishapita anamsengenya.

Kisha Othmar akaleta beseni, akamwosha miguu, akazigeuza nyayo kwenye mwanga. Akakagua kidole kwa kidole, vyote tisa.

"Vipi?" Restituta akauliza.

"Hamna kitu." Akaangalia tena. "Hamna kitu, mke wangu! Safi!" Na machozi yakamtoka, mzee mzima.

"Basi futa machozi, watu wanatuona," akasema Mama Luisa. "Chakula kilete huku huku nje."