Viatu Vilivyosema Bi Sabaha Kaanguka

Bi Sabaha ameuza viatu vya mitumba Mchikichini tangu upande wetu wa soko haujapata paa. Alikuja Dar kutoka Lindi pamoja na mume, mume akafa, akabaki na mtoto mgongoni na gunia moja la viatu. Leo ukimfumba macho na kumpa kiatu mkononi, atakwambia aliyekivaa alikuwa mnene au mwembamba. Tunafanya kazi meza moja. Yeye anachagua na kuuza, mimi naosha, nashona na kupiga kiwi.

Tena mjue kabisa, Bi Sabaha ni mama yake Anuari, na Anuari alikuwa mume wangu. Alipokuwa hana kitu tulikula kwa mihogo yangu ya kukaanga. Alipopata duka la simu Kariakoo akaniacha, kwa ujumbe wa simu. Wakati ule nilikuwa sijui kusoma, nikampelekea Ritha, anayeuza mikoba meza ya jirani, anisomee. Nilidhani ni salamu. Ritha akasoma mstari wa kwanza, kisha akaniambia nitafute pa kukaa. Hivyo mume akaenda, mama mkwe akabaki. Alisema talaka hakutoa yeye.

Mwaka jana kiharusi kilimpitia Bi Sabaha, kidogo tu. Mdomo ulirudi mahali pake, mkono ukarudi, mguu wa kushoto ukabaki mvivu. Ncha yake inaburuza. Na kwetu chini hakuna nafasi ya kuburuza kitu: kuna kamba za maturubai, mabeseni, vipande vya mbao, na watu waliotandaza bidhaa mpaka katikati ya njia. Akaanguka kwenye mfereji. Akaanguka tena juu ya lundo la jinzi, akachubuka kiwiko, na habari zikafika Kariakoo kabla hajasimama.

Anuari akaja na amri. Mama akianguka tena, soko basi. Atavushwa Kivukoni akakae kwake Kigamboni, kwenye nyumba yenye geti, pamoja na mke mpya. Bi Sabaha alishakaa kule wakati wa Idi. Alitusimulia kuna kochi ambalo ukishakaa huinuki, kuna televisheni, na hapiti mtu hata mmoja wa kutaniana naye. Akasema kule atakufa kwa usafi.

Ili watu wasimseme, Anuari akamletea viatu kutoka China. Vyeusi, vyepesi, vya kubandika badala ya kamba. Ndani ya soli mna kidude kinachochajiwa kama simu. Usipoinua mguu vizuri, kinatetemeka kukukumbusha. Na ukianguka, kinasikia kishindo na kumpelekea Anuari ujumbe kwenye simu kwamba mama ameanguka. Mjanja yule. Alimvalisha mama yake mlinzi na mpelelezi kwa pamoja.

Inaniuma kusema, lakini viatu vilikuwa vizuri. Mwanzoni vilitetemeka kutwa nzima. Bi Sabaha alipita sokoni akicheka kwamba anatekenywa na mwanaume asiyemjua. Ritha akivisikia vinanguruma anaita, "Inua, bibi, inua," na wachuuzi wa njia nzima wanadakia. Basi akaanza kuinua magoti kama jogoo anayepita kwenye matope. Masika yalipoingia, viatu vilikuwa vimekaa kimya karibu muda wote, na yeye hajajikwaa tena.

Sasa, pale kwetu mteja haonyeshwi kiatu kabla hakijapigwa. Unashika jozi, unagonganisha soli, paa. Mlio mkavu maana yake gundi imeshika. Mlio mzito, kama mtu anayekohoa ndani ya shuka, maana yake soli imeachia kwa ndani na mteja atarudi kukutukana. Wala hatufikirii. Mkono ukipata viatu viwili, unapiga.

Siku moja tumefungua belo jipya la viatu, wateja wamejaa, Bi Sabaha akavua viatu vyake akaswali adhuhuri nyuma ya meza. Alipomaliza akaviokota. Macho yalikuwa kwa mama mmoja aliyekuwa anashindana bei na Ritha, mkono ukafanya kazi yake. Paa, paa. Akavaa, akaendelea kuuza.

Haukupita muda, Anuari akateremka kwenye bodaboda, shati limelowa mgongoni. Alimkuta mama yake anatafuna karanga na kubishana bei. Bi Sabaha akasema hakuanguka. Nikasema hivyo hivyo mimi, akasema na Ritha. Akatujibu kwamba sisi watatu letu moja, kule Kigamboni chumba kimeshatandikwa, na gari linakuja kumchukua mama na vitu vyake.

Akainua simu juu ili hata majirani waione. "Imeandika umeanguka, mama. Tena mara mbili. Simu haisemi uongo."

"Hiyo simu yako naijua," nikamwambia. Hakunitazama.

Akaanza kukusanya. Chupa ya chai, mto wa kukalia, kanga ya kuswalia, vyote ndani ya mfuko. Bi Sabaha akautazama mto wake ukiingia kwenye mfuko. Mwisho akabandua viatu, taratibu, akamnyooshea mwanawe.

"Labda vimeharibika. Viangalie mwenyewe."

Anuari akavipokea. Huyu mtu mzima mwenye duka alilelewa chini ya meza ile ile. Alilala kwenye maboksi, akajua kupima soli kabla hajajua kusoma. Kule kwa wakwe wapya husema mama yake alikuwa kwenye biashara ya ngozi. Lakini mkono haujui geti wala wakwe. Akashika kiatu cha kulia, akashika cha kushoto, na macho bado yako kwetu, akavigonganisha. Paa.

Simu ikalia mfukoni mwake.

Akaitoa, akasoma. Akamtazama mama yake, aliyesimama mbele yake peku juu ya turubai. Akavitazama viatu. Akavigonganisha tena, polepole safari hii, kama mtu anayegusa jiko kuona kama ni la moto. Ikalia tena.

"Kaanguka tena," Ritha akasema. "Pole, bibi."

"Nimeshapoa," akajibu Bi Sabaha.

Njia nzima ikacheka. Bi Sabaha akachukua viatu, akavaa, akatembea mpaka barabarani na kurudi, kati ya mabeseni na kamba, magoti juu, viatu kimya kabisa. Kisha akamnyang'anya mwanawe mfuko, akatoa mto, akaukalia. Akamwambia kile chumba ampe mgeni mwingine, yeye ana wateja.

Anuari akapiga simu kulirudisha gari, akaondoka kwa miguu. Nilimsindikiza kwa macho. Mguu wake wa kushoto nao unaburuza. Si sana, ncha tu inagusa chini pale isipotakiwa kugusa. Bi Sabaha naye aliuona, maana miguu ndiyo kazi yake. Akaniambia nimwite nimwambie ainue.

Nikamwambia amtumie ujumbe.