Korongo kwenye mkono wa Phelista

Injini ya dizeli inakohoa, inanyamaza kidogo, kisha inanguruma. Vumbi jeupe linaanza kuelea ndani ya kibanda cha mabati kilicho nyuma ya soko la Bungoma. Phelista Nekesa anamimina kopo la gorogoro la mahindi kwenye mdomo wa kisiagi, mashine ya kusaga nafaka, anatega sikio, kisha anaushika unga unaotoka na kuusugua kwa ncha za vidole. Ni laini. Anaita mteja anayefuata.

Lakini wateja hawautazami unga. Wanautazama mkono wake wa kulia.

Kuanzia kifundo hadi juu kidogo ya kiwiko, korongo amekunjua bawa. Manyoya yake yanapishana, mengine membamba kama majani ya nyasi, mengine mapana. Phelista anapoinua debe, misuli inasogea na bawa nalo linasogea.

"Ati hii ni wino tu?" anauliza mama mmoja aliyebeba mahindi kwenye ndoo. "Si huyu ndege ataruka, bana!"

"Mguse," Phelista anamwambia, akicheka. "Haumi."

Kuna wakati hakuna aliyeombwa kuugusa mkono huo. Miaka saba iliyopita, asubuhi ya baridi, Phelista alikuwa amejifunga leso mabegani. Alipoinama kuokota gunia, mkanda wa mashine ulidaka pindo la leso, ukaivuta pamoja na mkono. Mtu aliyekuwa karibu alikimbilia injini na kuizima. Madaktari waliuokoa mkono, ila ngozi ilipona vibaya: sehemu moja ilikunjamana, nyingine ikavimba na kusimama kama mizizi ya mti.

Mama huyu wa binti mmoja, Ivy, alirudi kazini kwa sababu hakuwa na kazi nyingine. Mwenye kisiagi humlipa shilingi mia tano kwa siku. Akaanza kuvaa sweta za mikono mirefu, hata jua likiwaka namna gani.

"Kuna mteja aliniona nimekunja sweta," anasema. "Akaomba mtu mwingine ampimie unga. Hakunitukana. Aliangalia chini tu, akasema ako na haraka. Hiyo ndiyo iliniuma."

Wazo la tatuu lilimjia baada ya siku hiyo. Halikuwa wazo la kumweleza kila mtu. Baba yake, mzee Eliakim, ni mzee wa kanisa anayelima mahindi na maharagwe nje kidogo ya mji. Phelista alipomgusia, mzee aliweka kikombe cha chai chini.

"Wewe, ati unataka kuandikwa mwili kama ukuta ya kiosk?"

"Papa, sitaki kuandikwa. Nataka hii kovu ikuwe kitu mtu anaweza kuangalia."

Mzee aliinuka akaenda kuangalia ng'ombe, na kwa wiki kadhaa hawakuzungumzia jambo hilo.

Mchoraji wa kwanza aliyemwendea alikuwa kijana wa kinyozi mjini Bungoma. Ukutani alikuwa amebandika picha za simba, misalaba na majina ya wapenzi. Hakumuuliza chochote. Alimwonyesha kiti, akachukua mashine iliyokuwa mezani, na sindano ilikuwa tayari imechomekwa ndani yake.

"Nilimuuliza hiyo sindano imetoka wapi. Akaniambia, 'Ni safi, nimeipanguza na spiriti.' Nikaona doa ya wino wa mtu mwingine kwa hiyo sindano. Nikamwambia nimesahau pesa nyumbani. Sijawahi kurudi."

Angeachana na mambo hayo kabisa kama si Chepchumba, mfanyabiashara anayeleta mahindi kutoka Suam, mpakani na Uganda. Siku moja Chepchumba aliketi juu ya gunia akisubiri malipo, sketi ikapanda kidogo, na kwenye muundi wake Phelista akaona tawi la mti wa kahawa, majani na punje zake, kama lililochumwa mlimani Elgon asubuhi hiyo.

"Nilimuuliza kama inauma. Akachukua kidole changu akakiweka pale. Nikasikia kovu. Kovu ndefu, ya ajali ya pikipiki! Macho yangu yanaona kahawa, kidole kinasikia kovu. Sikujua kama mkono wa binadamu unaweza kufanya kazi kama hiyo."

Kazi hiyo ilikuwa ya Wangui, mwanamke wa makamo anayechora tatuu katika chumba kimoja nyumbani kwake Kibomet, mjini Kitale. Zamani alichora mabango ya maduka. Phelista alimpigia simu, akapanga safari, akaenda amejiandaa kuchorwa siku hiyo hiyo.

Wangui alimkatalia.

Alimketisha dirishani penye mwanga, akamwomba avue sweta, akaupapasa mkono polepole, kutoka kifundoni kupanda juu, akifumba macho mara kwa mara. Phelista anakumbuka kwamba tangu atoke hospitali hakuna aliyewahi kuushika mkono ule kwa muda mrefu namna hiyo bila kukunja uso.

"Hapa kovu limelala," Wangui alisema. "Hapa limesimama. Lile limesimama siwezi kuligusa, linaweza kukasirika livimbe zaidi. Na hata hili limelala, sijui ngozi yako itasema nini. Enda kwanza kwa daktari wa ngozi. Akikubali, urudi nikuwekee nukta ndogo tu, halafu tungoje."

"Tungoje nini?"

"Ngozi ijibu. Ikivimba, dada, nitakwambia ukweli, na hatutachora. Hata ukilia."

Wangui anasema huwarudisha watu wengi. Mwenye sukari isiyodhibitiwa, mjamzito, mtu aliyekuja akinuka pombe, kijana anayetaka jina la msichana aliyekutana naye juzi. "Wino hautoki kama rangi ya kucha," anasema. "Mtu asiponiuliza maswali, mimi ndio naogopa."

Daktari aliukagua mkono, akaridhika na sehemu zilizolala, akamwonya kuhusu zile zilizovimba. Wangui akaweka nukta tatu ndogo za wino karibu na kiwiko. Kisha Phelista akarudi Bungoma kusubiri.

Hicho ndicho kipindi anachokieleza kwa sauti ya chini. Kila akioga aliziangalia zile nukta. Wiki ya kwanza ziliwasha, moyo wake ukashuka. Alikuwa na hakika kwamba zitavimba kama yale makovu mengine, na kwamba mlango umefungwa. Ziliwasha, zikabambuka ngozi nyembamba, kisha zikatulia. Miezi miwili baadaye alipitisha kidole juu yake, hakusikia kitu. Zilikuwa bapa.

"Nililia kwa bafu," anasema. "Nukta tatu tu, na nililia kama mtu ameona mtoto wake amerudi."

Kulibaki jambo la kazi. Wangui alikuwa amemweleza kwamba tatuu mbichi ni kidonda, na kidonda hakipatani na vumbi la unga. Angehitaji kukaa mbali na kisiagi mpaka mkono upone juu juu. Phelista alimwendea mwajiri wake, Wangila, akiwa amefanya mazoezi ya maneno njia nzima.

"Likizo ya ugonjwa naijua," Wangila alimwambia. "Likizo ya harusi naijua. Hii ya tatuu, Mama Ivy, umeitoa wapi?"

Kisha akautazama ule mkono wenye sweta, akatazama mkanda wa mashine yake, akasema aende, arudi akipona.

Wangui alikuwa amempa maagizo ya maandalizi kwa simu. Usiku wa kuamkia siku ya kuchorwa alale vizuri. Anywe maji ya kutosha, asiguse pombe, wala asimeze aspirini, kwa sababu huifanya damu kuwa nyepesi. Asipake mafuta mkononi, asijinyoe nywele mwenyewe. Avae nguo isiyobana, isiyo na mikono. Na asije na njaa.

"Nilikula ugali na mayai asubuhi, kama mtu anaenda kulima," anasema. Nguo isiyo na mikono ndiyo iliyomsumbua. Hakuwa nayo hata moja. Alikata mikono ya blauzi ya zamani kwa mkasi, akaivaa chini ya sweta mpaka Kibomet.

Huko alikuta meza imefunikwa nailoni safi. Wangui alinawa, akavaa glavu, akamwonyesha sindano ikiwa bado ndani ya karatasi yake na kuifungua mbele yake. Wino aliumimina kwenye vikombe vidogo vipya. Kisha akabandika karatasi yenye mchoro mkononi, akaibandua, na mistari ya zambarau ikabaki kwenye ngozi.

Phelista alikuwa ameomba korongo mwenye kishungi, yule anayetembea kwenye majani ya bwawa kama mtu mwenye cheo. Alitaka kishungi cha dhahabu. Wangui alimwambia kwamba rangi ile hufifia kwenye ngozi nyeusi. Wangetumia mistari mizito myeusi, na ngozi yake yenyewe ndiyo ingekuwa mwanga.

"Na hizi zimesimama?" Phelista aliuliza, akigusa makovu yaliyovimba.

"Hizo nitaziacha kama zilivyo. Wewe ngoja."

Mashine ilianza kunguruma kwa sauti nyembamba. Phelista, aliyezoea mngurumo mwingine kabisa, alifumba macho na kukaza meno. Ngozi yenye kovu ina tabia yake: mahali pengine hakusikia kitu, mahali pengine maumivu yalimtoa machozi. Wangui alisimama mara kwa mara, akampa chai ya sukari, akaendelea.

Alipoambiwa atazame, hakutambua mkono wake.

Yale makovu yaliyosimama, ambayo sindano haikuyagusa hata kidogo, yalikuwa yamegeuka vikonyo vya manyoya. Wangui alikuwa amechora kila unyoya ukianzia kwenye kovu na kutawanyika pande zote mbili, hivi kwamba bawa lilionekana limeinuka kutoka mwilini.

"Sikusema asante," Phelista anakumbuka. "Niliona kama Mungu alikuwa ameanza hiyo kazi, na huyu mama ameimalizia."

Aliosha mkono kwa sabuni isiyo na harufu, akaupaka mafuta kidogo kidogo, akajizuia kuukwaruza ulipowasha. Ulipopona, akarudi kisiagini, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka saba akaiacha sweta nyumbani.

Mzee Eliakim alifika siku ya tatu, na gunia la mahindi ambalo kwa kawaida hulipeleka kwenye kisiagi cha jirani yake. Alisimama kwenye foleni kama wateja wengine. Zamu yake ilipofika, hakutoa gunia. Alivaa miwani, akaushika mkono wa binti yake, akaugeuza upande huu na upande ule, huku injini ikinguruma bila mahindi.

"Huyu ni korongo kweli kweli," alisema mwishowe. "Nani amemfundisha huyo mama hii kazi?"

"Hakuna, Papa. Alikuwa anachora mabango."

Mzee alitikisa kichwa kwa muda mrefu. Hajasema kwamba anakubali, na Phelista hajamuuliza. Kanisani bado wapo wanaonong'ona.

Bega bado halijachorwa. Huko ndiko Phelista anataka kichwa cha korongo na kishungi chake, na Wangui amemwambia arudi baada ya mavuno, bawa likishatulia kabisa. Tayari ameshona blauzi mbili zisizo na mikono kwa ajili ya safari hiyo.

Juzi jioni, wakila pamoja, baba yake alimuuliza Kibomet iko upande gani wa Kitale.

"Kwa nini, Papa?"

"Nitakusindikiza, mukhana wase," mzee alisema, akimwita 'binti yangu' kwa Kibukusu, macho yakiwa kwenye sahani. "Lakini wakianza kudunga, mimi nitakaa nje."