Jina la Mjukuu na Pumzi ya Baba Zaina

Tulitoka Kasongo kwa sababu ya jina. Binti yetu Zaina, aliyeolewa Kabambare, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na baba wa mume wake, Baba Sefu, akatutumia neno kwamba mtoto ataitwa Amisi, jina la mume wangu, mradi Amisi mwenyewe aende ampakate mbele ya watu. Sisi Mungu alitupa mabinti watupu. Mume wangu alikuwa amekwisha kukubali kwamba jina lake litazikwa pamoja naye, kwa hiyo habari hiyo ilimfanya aimbe huku akishona, naye hana sauti ya kuimba.

Lakini kusafiri na mume wangu si kusafiri na mtu mmoja, ni kusafiri na mtu pamoja na miiko yake. Mama yake alizika watoto kadhaa kabla hajamzaa yeye. Alipozaliwa, wazee wa ukoo wakakata shauri kwamba huyu asionje kitu chenye damu, asije akafuata wenzake. Akakua hivyo mpaka akaota mvi: nyama hali, samaki hali, hata yai hali, kwa sababu yai nalo, asema, ni kuku aliyechelewa. Mimi sikujali, maana alipenda bukari, ugali wetu wa muhogo, kiasi cha kutosha watu wawili. Ndipo ukaja ugonjwa wa sukari. Kiu haikwisha, macho yakafifia, na kila alipojisaidia nyuma ya nyumba sisimizi walikusanyika kama wameitwa karamuni. Daktari wa hospitali akamkataza muhogo, mchele, mahindi, ndizi, viazi na muwa. Wazee wa ukoo walikuwa wamechukua nyama, daktari naye akachukua bukari, mimi nikaachiwa mafuta na majani.

Basi nilipika hayo hayo. Sombe, majani ya muhogo ya kutwanga, kwa mawese mengi, lengalenga, yaani mchicha, kwa kalanga za kusaga, uyoga, mbegu za maboga tunazoziita mbika, na avoka, yaani parachichi, zikipatikana. Tumbo likapungua, macho yakarudi, sisimizi wakahama. Jambo moja tu lilibaki. Daktari alikuwa ametuonya kwamba mtu akiacha vyakula vya wanga, mwili huchoma mafuta badala yake, na pumzi yake hunuka kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Ilinuka kweli. Majirani wa Kasongo walicheka wakazoea, nami nikazoea, na hiyo ndiyo sababu sikukumbuka kuwaambia watu wa Kabambare.

Asubuhi ya kuondoka tulipanda lori, kamyo ya mfanyabiashara wa pamba. Dereva, Mkristo mmoja aitwaye Antwani, alitazama kapu langu: chupa za mawese, kalanga, mikate ya mbika iliyofungwa kwenye majani.

"Mama," akaniuliza, "unasafirisha mutu ao unasafirisha taa?"

"Ni taa," nikamjibu. "Mafuta yakiisha njiani itazimika, na weye njo utaibeba."

Njia ilikuwa nzuri pale tu ambapo watengenezaji wa barabara walikuwa wamepita na majembe yao karibuni. Kwingine kote kamyo iliruka nasi tukaruka nayo. Baba Zaina alishika kofia yake kwa mkono mmoja na kapu kwa mkono wa pili. Mimi, mkewe, sikushikwa.

Jioni tulifika Lusangi, tukapokewa na rafiki wa Antwani, mkulima Mkristo aitwaye Petro. Wakristo wa huku wana adabu yao kwa mgeni Mwislamu. Petro alimletea mume wangu kuku mzima, anapiga kelele, na kisu juu yake.

"Baba, uchinje weye mwenyewe," akasema. "Kesho usiseme Petro alinilisha haramu."

Heshima kama hiyo haikataliwi. Baba Zaina akataja jina la Mungu, akachinja. Kuku akapikwa, akaletwa na mlima wa bukari, na mume wangu akanawa mikono, akafungua mkate wake wa mbika, akaanza kutafuna. Kuku hakumgusa, na bukari akaipa mgongo.

Petro alimtazama, akamtazama kuku. "Baba, umeua kuku ya watu bure?"

"Nimewachinjia ninyi."

"Huyu mutu anakula nini?" mke wa Petro akaniuliza. "Mvua?"

Nilipomweleza alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akatoka, akarudi na uyoga, akaukaanga kwa mawese. Mume wangu alikula hadi chungu kikang'aa. Kuku tulimmaliza Antwani na mimi, na sikuona haya.

Kabambare tuliingia siku iliyofuata, jua likiwa bado kali. Zaina alitupokea kwa vigelegele na machozi, mtoto mgongoni. Baba Sefu alikuwa amesimama mlangoni na kanzu nyeupe. Huyu ni mzee mkali wa dini, na katika mtaa wake mnywaji wa pombe hapiti mbele ya nyumba yake bila kuambiwa maneno. Alimkumbatia mume wangu kwa furaha, shavu kwa shavu. Kisha nikaona furaha ile inamtoka usoni.

Chakula kilikuja: bukari, mchele, mbuzi. Baba Zaina akaomba radhi kwa kila sahani. Kwa Baba Sefu huo ulikuwa ushahidi wa pili, kwa kuwa kwao husemwa mlevi hali, tumbo lake limejaa tayari. Mke wake, Mama Sefu, akanivuta jikoni.

"Mama Zaina, usikasirike. Mukwe wetu anakunywa?"

"Anakunywa nini?"

"Pombe ya ndizi. Kinywa yake inanuka sana. Baba Sefu amesema jina ya mulevi haitaingia mu nyumba yake. Mutoto ataitwa jina ingine."

Mume wangu hajawahi kuonja pombe tangu azaliwe. Mimi humcheka kwa mambo mengi, na mengine ameyastahili, lakini hilo lilinichoma. Nilitoka barazani nikaeleza yote, mwiko, sukari, daktari, mafuta yanayochomwa mwilini. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kusikika kama mwanamke anayemficha mume wake. Baba Zaina aliinamia kofia yake mapajani.

"Miye nimezaliwa mu nchi ya mawese," Baba Sefu akasema. "Sijaona mutu analewa mawese."

Hapo mume wangu akanyanyua kichwa. "Mukwe, kula na miye. Siku tatu, kile ninakula, ukule. Usiongeze kitu. Kinywa yako isiponuka, ninarudi Kasongo na jina yangu."

Baba Sefu akacheka. Siku tatu za mboga kwake zilikuwa mchezo, mtu anayefunga Ramadhani nzima na kuongeza za sunna juu yake. Akakubali mbele ya wote.

Siku ya kwanza alikula sombe akiisifu. Siku ya pili aliisifu kidogo, akaniuliza kama daktari wetu hakusahau kutaja kipande kidogo cha muhogo wa kuchoma. Mchana kichwa kikamuuma, akawa mkali kwa kuku waliopita uani. Kila mke wake alipotwanga muhogo, mzee alihamia upande wa pili wa nyumba asisikie mchi. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku yetu ya tatu Baba Sefu mwenyewe alilishika jembe, akaenda shambani ili awe mbali na jiko, akarudi akiburura miguu.

"Mukwe," alimwambia mume wangu, huku wamekaa na sufuria ya lengalenga katikati yao, "weye unaishi hivi kila siku?"

"Kila siku."

"Na bado unacheka?"

"Mama Zaina ananicheka. Njo ninamufuata."

Baba Sefu alitikisa kichwa. "Adhabu ya kaburi anaijua maiti," akasema, akachota tonge la mboga pasipo bukari, akala.

Alfajiri ya siku ya nne alikwenda msikitini. Alisimama katika safu yake ya mbele, na jirani wa kulia akasogea, na wa kushoto akasogea. Mzee mmoja aliyewahi kukaripiwa naye kwa ajili ya pombe alimnusa bila kificho, akasema, "Baba Sefu, leo hata weye?" Alirudi nyumbani macho yamemtoka. Mama Sefu alimsogelea uso, akarudi nyuma, akaziba pua kwa kitenge, akaanza kucheka. Sisi wanawake tulicheka mpaka mtoto akaamka.

Baba Sefu hakucheka. Alimshika mume wangu mkono, akampeleka mpaka msikitini, watu wakiwa bado wamesimama mlangoni.

"Mutunuse wote wawili," akawaambia. "Huyu na miye tunanuka sawasawa, na hakuna mulevi hapa. Nilimusingizia. Mutoto ya Sefu anaitwa Amisi."

Mtoto akapakatwa. Baba Zaina, mtu mzima yule, alilia mbele ya watu, na machozi yakamdondokea mjukuu usoni. Nyuma ya nyumba nilimkuta Baba Sefu amechuchumaa na donge la bukari kubwa kuliko ngumi, anameza bila mboga.

Safari ya kurudi tulikaa juu ya magunia ya pamba, laini kuliko kitanda changu. Nilimuuliza mume wangu kama sasa moyo wake umeridhika, jina limepata mtu.

"Jina ni zuri," akasema. "Lakini zile siku tatu, Mama Zaina, nilikula na mwenzangu."

Mtaani kwetu wanaume hula pamoja barazani, sinia moja, kila mmoja mkono wake. Tangu alipokatazwa bukari yeye alikuwa akila ndani, kutoka kisufuria chake, na sisi sote tulidhani alichokikosa ni bukari. Nami nilikuwa nimepima mafuta na kuhesabu kalanga bila kuliona hilo.

Tulipofika Kasongo nilipika sombe sinia nzima, mawese yakielea juu, nikaipeleka barazani. Nikawaambia wanaume kwamba usiku huo bukari haipo, watakula anachokula mwenzao. Walinung'unika sana, wakasogea karibu naye, wakala.