Mtu wa Kilo Sitini na Moja

Madereva walimwita Bwana Kilo, na jina hilo alilipata hata kabla hajanenepa. Kwa miaka kumi na tisa alikaa kwenye kibanda cha vioo langoni mwa ghala la nafaka, kando ya mizani ya malori. Lori likipanda juu ya bamba la chuma, macho yake hayakwenda kwenye namba kwanza. Yalikwenda kwenye magurudumu. Kuna dereva huja na mapipa ya maji chini ya turubai, apimwe nayo pamoja na mahindi, kisha ayamwage nyuma ya ghala kabla ya lori tupu kurudi mizanini. Mwingine, lori likirudi tupu, huacha gurudumu moja nje ya bamba, upana wa kiganja tu, akajifanya haoni. Bwana Kilo alikuwa akiwakamata wote. Akikutazama mara moja alikuwa na uwezo wa kukwambia uzito wako, na akikosea, hakukosea zaidi ya kilo mbili.

Kazi ya namna hiyo humfundisha mtu kutoamini. Hata salamu aliipokea kama anayekagua mzigo.

Alipofika miaka hamsini na mbili, presha ilipanda na magoti yakaanza kulalamika. Kwenye zahanati alikuta muuguzi mmoja mfupi, asiye na maneno mengi. Akampandisha mizani: kilo mia moja na nane.

"Punguza kumi kwanza, halafu tutazungumza," muuguzi akamwambia. "Na ujipime mara moja kwa wiki. Siku ileile, asubuhi, umeshatoka chooni, hujala wala kunywa, na nguo nyepesi."

"Mara moja tu kwa wiki?"

"Inakutosha."

Bwana Kilo alitoka pale na lake rohoni. Lori lenyewe hupimwa likiingia na likitoka. Iweje yeye, mtu mwenye damu, aambiwe asubiri siku saba? Hapo pana jambo, akajiambia.

Jioni hiyohiyo alinunua mizani ya kioo, ile ya betri, akaiweka chumbani kati ya kabati na ukuta. Akawa anajipima akiamka, akishakunywa chai, akirudi kazini, akishaoga, akishakula, na kabla ya kulala. Mara sita. Asubuhi ilisema mia moja na sita nukta nane. Jioni ya siku hiyohiyo ikasema mia moja na nane nukta tatu. Mtu aliyekula mboga za majani na kipande cha samaki, kilo moja na nusu imetoka wapi?

Aliyeshukiwa kwanza ni mizani. Aliomba ruhusa kwa msimamizi wa ghala, akabeba nyumbani lile jiwe la chuma la kilo ishirini wanalotumia kuhakiki mizani ya magunia. Akaliweka juu ya kioo: ishirini kamili. Akaliondoa, akalirudisha: ishirini kamili. Mizani ikatoka mbele ya hakimu bila doa.

Aliyefuata ni sufuria.

"Mama watoto," alimwambia mkewe wakiwa mezani, "hii mboga umeitia mafuta kiasi gani?"

"Kijiko kimoja, kama ulivyosema."

"Kijiko kipi?"

Mkewe alinyanyuka, akaleta kijiko chenyewe, akakiweka mbele yake. Ndoa yao ilikuwa na miaka ishirini na sita, watoto walishaoa na kuolewa, nyumba imebaki yao wawili. Bwana Kilo alikigeuzageuza kile kijiko. Kisha akamtazama mkewe, akaona mkono wake ukitetemeka juu ya meza.

Mkono wa mtu mkweli hautetemeki, aliwaza. Akaliweka moyoni.

Wiki iliyofuata ndipo yalipotokea ya mtu wa kilo sitini na moja.

Ile mizani ilikuwa na tabia yake: ukiigusa kwa kidole cha mguu, kabla ya kurudi kwenye sifuri, inaonyesha kwanza uzito wa aliyepanda mwisho. Bwana Kilo alizoea kuziona namba zake mwenyewe. Jumatatu alirudi kazini, akavua viatu, akaigusa mizani, na kioo kikaandika: 61.2.

Akaganda. Asubuhi aliiacha kwenye mia moja na saba. Na uzito wa mkewe aliujua: kilo sabini na nne. Alimpima mwenyewe juu ya mizani ya magunia mwaka juzi, siku aliyomletea chakula kazini, wakacheka mpaka wapakuzi wakageuka. Basi ni nani huyu wa kilo sitini na moja aliyesimama peku chumbani kwake mchana, mwenye nyumba akiwa kazini?

"Leo kulikuwa na mgeni?" aliuliza kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya hewa.

"Mgeni gani? Sijaona mtu," mkewe akajibu, akafungua dirisha. Kila mara alikuwa akifungua madirisha siku hizo, eti joto.

Jumatano: 60.7. Ijumaa: 60.1. Jumatatu nyingine: 59.6. Bwana Kilo alikaa kwenye ukingo wa kitanda, kichwa mikononi. Mtu huyu, pamoja na kumwingilia chumbani, alikuwa pia anapungua! Yeye mwenye mizani amekwama palepale, na mwizi wake anateremka kama aliyelainishiwa njia.

Tangu siku hiyo aliiangalia nyumba yake kama anavyoangalia lori. Na kila alipotazama aliona gurudumu nje ya bamba. Chakula kilikuwa kinaisha upesi. Chungu cha maharage kilichokuwa kikiwatosha siku mbili sasa kilimalizika siku moja, na yeye alikuwa anakula nusu sahani. Nani anakula? Mkewe alishtuka mlango ukigongwa. Usiku alihamia chumba cha pili, akisema huko kuna upepo. Aliacha magauni yake ya zamani, akawa anavaa mapana, mazito, yenye bitana, huku jasho likimtoka. Mtu anasema anasikia joto, kisha anavaa nguo za baridi? Ukimwita ghafla, mshipa wa shingo ulidunda ukauona.

Kikulacho ki nguoni mwako, Bwana Kilo alijiambia, na usingizi ukamwishia.

Kisha alimwona fundi cherehani. Alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, mwanamume aliyefiwa na mkewe, mpole, mwenye futi ya kupimia shingoni wakati wote kama tai. Jioni moja fundi alikuwa akitoka kwenye geti la Bwana Kilo, na alipomwona mwenye nyumba akaficha kifurushi kwapani.

"Fundi, habari za huku?"

"Nzuri, mzee wangu, nzuri. Napita tu." Akapita kweli, karibu kukimbia.

Bwana Kilo alimpima kwa jicho mgongoni: mwembamba, mabega membamba, sitini au karibu na hapo. 

Siku mbili baadaye fundi alifika ghalani kuleta ovaroli za wapakuzi. Bwana Kilo alitoka kibandani kwa tabasamu ambalo wapakuzi hawakuwahi kuliona.

"Fundi, njoo unisaidie. Tunajaribu mizani ya magunia. Hebu panda."

"Mimi?"

"Wewe. Vua viatu kabisa, tupate kipimo safi."

Wapakuzi walisimama kuangalia. Fundi alivua viatu, akapanda, akasimama kama mtu aliye mbele ya mahakama. Mkono wa mizani ulitikisika, ukatulia: sitini na nane.

Si yeye; wivu ulikuwa umelipotosha jicho la Bwana Kilo kwa kilo nane nzima. Bwana Kilo alisikia nafuu, na papo hapo wasiwasi mpya, maana fundi alikuwa ametoka jasho.

"Nyumbani kwangu huwa unafuata nini?"

Fundi alitazama chini. "Mzee, mimi ni fundi tu. Nashona ninachoambiwa. Mengine kamuulize mama mwenyewe, nilimpa neno langu."

Kumbe lipo la kuulizwa! Bwana Kilo alimwachia msaidizi wake kibanda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aajiriwe, akashika njia ya nyumbani saa sita mchana, jua la utosini, na magoti yake mabovu.

Hakubisha hodi. Alivua viatu uani, akapita sebuleni kwa ncha za vidole, akasikia mlio mdogo wa mizani ikiamka. Akausukuma mlango wa chumba.

Mkewe alikuwa peke yake. Amesimama juu ya kioo na shimizi tu, miguu yake pamoja, kichwa kimeinama kuisoma namba. Gauni zito lilikuwa kitandani limegeuzwa ndani nje, na Bwana Kilo aliona bitana zake, moja juu ya nyingine, zimeshonwa mpaka kiunoni kama godoro. Akaona mifupa ya mabega. Akaona mikono. Akaisoma namba kutoka pale mlangoni: 58.9.

 Mkewe akakaa sakafuni palepale, akaanza kulia kwa kwikwi.

"Ni wewe?" Bwana Kilo aliuliza.

"Ulidhani nani?"

 Bwana Kilo alivuta shuka, akamfunika, akakaa naye chini, kazi ambayo magoti yake hayakuipenda.

Mkewe alimweleza. Ilianza miezi minne nyuma. Anakula, anakula tena, na mwili unakwenda. Moyo unapiga mbio hata akiwa amekaa. Mama yake aliisha hivyohivyo, nyama ikamtoka, na walipomfikisha hospitali kulikuwa kumebaki kumzika tu. Basi aliogopa kuambiwa. Aliona akiificha labda itapita. Fundi alimwongezea bitana ili asionekane.

"Na hii mizani ulipoinunua," alisema, "nikawa siwezi kuiacha. Ukitoka tu, napanda. Nikifua, napanda. Kila nikipanda naona kaburi limesogea."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia saa ngapi? Ulikuwa unahesabu mafuta kwenye kijiko."

Kesho yake asubuhi walikuwa zahanati. Daktari alimshika mgonjwa shingo, akamwambia anyooshe vidole, akavitazama vinavyotetemeka, akaagiza damu ipimwe. Siku nne za kusubiri majibu Bwana Kilo hakugusa mizani wala kijiko. Majibu yakaja: tezi ya shingo ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi, inauchoma mwili kama jiko lisilozimwa. Si ule ugonjwa wa mama yake. Dawa zipo, ila zingechukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, na asiziache.

Wakiwa wanasubiri dirisha la dawa, yule muuguzi mfupi alimwona Bwana Kilo. "Na wewe? Unajipima?"

"Mara sita kwa siku."

Muuguzi aliweka kalamu chini. "Mara sita unapima nini? Unapima chai. Unapima chumvi ya mchana iliyoshika maji, na choo ambacho hujaenda. Mafuta ya mwili hayaji na kuondoka kati ya asubuhi na jioni."

"Kwa hiyo kila siku ni kosa?"

"Si kosa kwa kila mtu. Yuko anayejipima kila asubuhi, akaitazama wiki nzima ilivyokwenda, ikamsaidia kujirekebisha. Wewe namba ikipanda unatafuta mchawi. Ndiyo maana nilikwambia mara moja. Na mama, wewe usijipime nyumbani hata kidogo, tutakupima hapa ukija."

Bwana Kilo alitaka kuuliza muuguzi alijuaje habari ya mchawi. Jina la mkewe likaitwa dirishani, akaenda kuchukua dawa.

Dawa zilifanya kazi. Mkono ulitulia kwanza, kisha moyo, kisha usingizi. Mwezi wa tatu mkewe alifika kilo sitini na tatu, akarudi chumbani kulala, na bitana zikafumuliwa. Bwana Kilo naye, akijipima Jumamosi asubuhi tu, alishuka hadi mia moja na mbili, taratibu, wiki nyingine bila kushuka hata kidogo, na hakumhoji mtu.

Lakini lilibaki moja. Siku moja wakila, mkewe alisema, "Hivi, ile siku, ulirudi mchana kufanya nini?"

Angeweza kusema kichwa kilimuuma. Alimweleza yote: namba kwenye kioo, chungu cha maharage, madirisha, fundi juu ya mizani ya magunia bila viatu mbele ya wapakuzi.

Mkewe alisukuma sahani. "Fundi? Yule mzee wa watu?"

"Nisamehe."

"Mimi nilikuwa naogopa kufa, mume wangu. Wewe ulikuwa unaogopa fundi."

Siku nne alimjibu kwa "ndiyo" na "hapana" tu. Bwana Kilo alikwenda kwa fundi akamwomba radhi, na fundi akamsamehe haraka mno, jambo lililomuumiza zaidi. Siku ya tano mkewe alimwekea chai bila kuombwa, akasema, "Kesho kutwa nina miadi. Utaingia nami mpaka ndani. Na hutauliza maswali."

Aliingia naye, akakaa kwenye benchi, mikono magotini, akanyamaza. Daktari alisoma karatasi, akaridhika, kisha akamuuliza mama: huko nyumbani kuna mtu wa kumwangalia, atakayegundua mapema hali ikibadilika tena?

Mkewe aligeuka, akamtazama Bwana Kilo kwa muda mrefu, kama anayemkagua.

"Yupo," akasema. "Bado anajifunza."